Pilipili kichaa ya uani inapogoma: dalili, sababu na la kufanya

Kabla hujakimbilia duka la dawa za kilimo, fanya mambo mawili. Geuza jani uangalie upande wake wa chini, kisha chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Hayo hayalipiwi, na kwa muda wote niliopanda pilipili uani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, yamenijibu maswali mengi kuliko chupa zote nilizowahi kununua.

Napanda kwenye madumu ya lita 20 yaliyokuwa na mawese, nimeyakata juu, nikayaosha kwa maji ya moto na sabuni, nikayatoboa chini matundu sita sita. Yako tisa. Saba yana pilipili kichaa, ile nyembamba inayosimama ikitazama juu. Mawili yana pilipili mbuzi, ya mviringo yenye mikunjo, ambayo harufu yake inafika mlangoni kabla sahani haijafika mezani. Karibu kila tatizo ninaloeleza hapa limepita kwenye madumu hayo.

Mbegu hazioti

Mara nyingi zitaota, wewe ndiye una haraka. Pilipili kichaa si mchicha. Inaweza kuchukua wiki mbili, tatu, hata nne, hasa ukisia Juni au Julai usiku unapokuwa na ubaridi. Inapenda udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Wengi wanachoka siku ya kumi na mbili, wanafukua kuangalia, na huko kufukua ndiko kunakoua kilichokuwa kinaanza.

Ukipita mwezi mzima hujaona kitu, jiulize mbegu ilitoka wapi. Mbegu ya pilipili iliyochumwa kijani haijakomaa; chukua kwenye tunda lililoiva likawa jekundu tii. Iliyokaushwa juu ya jiko la mkaa imeshapikwa. Na iliyofukiwa kina cha kidole kizima haina nguvu ya kutoka. Nusu sentimita inatosha.

Miche inaanguka kiunoni

Mche umeota vizuri, una majani mawili, asubuhi unaukuta umelala. Uangalie pale unapogusana na udongo. Kama pamesinyaa pakawa pembamba kama pamefungwa uzi, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa fangasi wa udongoni wanaopenda unyevu na msongamano. Ulioanguka hauinuki. Wale waliobaki wapunguzie maji, wapunguzie majirani, wapeleke penye hewa. Safari ijayo mwagia udongo wa kitalu maji yanayochemka, uache upoe kabisa ndipo usie.

Kama shina limekatwa safi kama kwa mkasi, hapo kuna sota. Fukua kidogo pembeni, utamkuta amejikunja kama pete, ameshiba. Kipande cha chupa ya plastiki kilichokatwa kama bangili na kuzungushiwa mche kinamzuia.

Majani yanajikunja

Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea, na yangu ilipotea. Mwaka wa kwanza majani ya juu yalijikunja, nikaenda dukani, muuzaji hakuniuliza hata swali moja, akanipa chupa ya dawa ya wadudu. Nikapiga mara tatu. Mti ukazidi kukunjamana. Baadaye ndipo nikajua kwamba waliokuwa wanashambulia ni utitiri, na utitiri si mdudu: ana miguu minane, ni ndugu wa buibui na kupe, na dawa nyingi za wadudu hazimgusi. Nilichofanikiwa kuua ni vile vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi, ambavyo kumbe vilikuwa vinanisaidia kula vidukari. Nikabaki na utitiri, na wiki mbili baadaye vidukari nao wakaja, maana wa kuwala nilikuwa nimeshawamaliza.

Kwa hiyo usiulize dawa ya majani kujikunja ni ipi. Uliza jani limejikunja kuelekea wapi, na chini yake kuna nini.

Kwanza ondoa lisilo ugonjwa. Jani lililojikunja saa nane mchana na kunyooka saa kumi na mbili jioni linajikinga na jua tu. Liache.

Jani likiwa linanata, na sisimizi wanapanda na kushuka shinani kama wana harusi huko juu, geuza: utaona vidukari, vidogo, vya kijani au vyeusi, vimebanana kwenye jani changa. Sisimizi hawawali. Wanakunywa majimaji matamu wanayotoa, na kwa ajili hiyo wanawalinda. Wapige vidukari kwa maji ya nguvu kutoka chini kwenda juu, asubuhi, siku mbili tatu mfululizo. Wakibaki, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni, kwanza kwenye jani moja uone kama haliungui. Kisha kata njia ya sisimizi: simamisha dumu juu ya matofali mawili yaliyo ndani ya karai lenye maji.

Kingo zikijikunja kwenda chini, jani likawa gumu kama ngozi, upande wa chini ukang'aa rangi ya kahawia, na ncha ya mti ikadumaa, huyo ndiye utitiri wangu. Macho hayamwoni, hata kamera ya simu haimpati. Katilia mbali ncha zilizoharibika uzifukie, kisha tumia salfa, ileile inayotumika kwenye mikorosho huko kusini na pwani. Piga jioni, kamwe si juani kwani itaunguza majani, na usome kwenye kifungashio siku ngapi zipite kabla ya kuchuma.

Kingo zikipanda juu kama mtumbwi na kuna michirizi ya rangi ya fedha yenye vinukta vyeusi, fikiria vithiripi. Gonga tawi juu ya sahani nyeupe. Watadondoka vidudu vyembamba kama vipande vya uzi, halafu vitaanza kutembea. Mafuta ya mwarobaini yanawapunguza, ukirudia kila wiki.

La mwisho ndilo baya. Jani lina mabaka ya njano na kijani, limepinda bila mpango, mti umedumaa, na chini ya jani hakuna kitu. Anayejua batobato ya muhogo atalitambua mara moja, ingawa virusi vyenyewe si vilevile. Hakuna dawa. Ng'oa, choma. Vidukari na inzi weupe ndio wanaobeba virusi hivi kutoka mti hadi mti, lakini kimoja hubebwa na mkono wa mtu: virusi vya batobato ya tumbaku huvumilia hata jani likikaushwa na kusokotwa sigara. Kwetu sisi tuliozungukwa na tumbaku, kuanzia Kasulu mpaka Urambo, hilo si jambo la mbali. Babu mkwe wangu, mvuta sigara, ana ruhusa ya kuchuma pilipili wakati wowote, ila anapita kwanza kwenye sabuni. Alinuna wiki moja. "Mkwe, mimi nimekuwa najisi?" Sasa amezoea.

Na jambo hili watu husahau: jani lililokwisha kujikunja halinyooki tena hata ukishinda vita. Angalia yanayochipua. Yakitoka sawa, umepona.

Mti unanyauka

Kidole udongoni. Pakavu mpaka pingili ya pili, mwagilia, habari imeisha. Pakiwa na maji na mti bado umenyauka, usiongeze tone. Hapo mizizi inaoza kwa kukosa hewa, na dalili ya mizizi iliyozama ni ileile ya mizizi yenye kiu: majani yanalegea. Mtu anaona majani yamelegea, anamhurumia mgonjwa, anamwagia tena. Nimeua miti kwa huruma hiyo zaidi ya kwa ukame. Inamisha dumu, angalia kama matundu yameziba, nusa udongo wa chini. Ukinuka kama mfereji, toa mti, kata mizizi myeusi iliyolainika, upande upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa ziwani uliooshwa na samadi iliyooza vizuri. Msimu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Mei, mimi simwagilii kabisa ila siku zikipita kavu, na madumu nayainua juu ya mawe.

Halafu kuna mnyauko wa aina nyingine. Mti ni wa kijani, mzima, una matunda. Mchana unalegea wote, usiku unaamka. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne hauamki, na majani hayajapata hata muda wa kuwa ya njano. Hapo shuku mnyauko bakteria, na kuna kipimo chake cha nyumbani.

Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kiganja. Chukua glasi isiyo na rangi, jaza maji safi, iweke mezani ambapo haitatikisika. Shika kipande kikiwa wima, ncha iliyokatwa iguse maji tu, utulie. Ndani ya dakika chache, kama ni bakteria, utaona uzi mweupe unashuka polepole kutoka kwenye shina, kama moshi wa mshumaa uliozimwa, ila unakwenda chini. Ukiiacha glasi, maji yanakuwa kama yametiwa tone la maziwa. Mara ya kwanza kuona, niliita watoto waje waangalie. Kisha nikakumbuka kwamba huo ulikuwa mti wangu uliozaa kuliko yote.

Usipoteze hela hapo, dawa hakuna. Ng'oa mti na mizizi yake, choma, osha kisu kwa sabuni. Udongo wake usiupeleke kwenye dumu jingine wala kwenye bustani, na usipande humo pilipili, hoho, nyanya, nyanya chungu, bilinganya, viazi mviringo wala tumbaku, maana wote ni ukoo mmoja na bakteria huyu anaujua ukoo mzima. Mimi udongo ule niliuokota mwenyewe, bure, kwenye kiwanja ambacho nyanya za jirani zilikuwa zimekauka msimu uliotangulia. Sikuuliza zimekufa kwa nini.

Maua yanapukutika, au majani tele na hakuna tunda

Yakipukutika Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza, laumu joto. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi ua linashindwa kushika. Dumu lililokaa kwenye sakafu ya saruji kando ya ukuta wa bati linapata moto wa pande mbili. Lisogeze mita moja, lipate kivuli kuanzia saa saba mchana. Mara nyingi hiyo pekee inatosha.

Mti ukiwa mnene, mrefu, kijani cha kuvutia, na hauna ua, umeshibishwa mbolea ya kuku. Hiyo ina naitrojeni nyingi, inalisha majani. Ikiwa mbichi inaunguza hata mizizi. Iache ioze miezi mitatu, halafu utie kiganja kimoja kwa dumu, si nusu ndoo.

Usiwe na wasiwasi na nyuki kuwa wachache. Ua la pilipili linajichavusha. Tikisa tawi kidogo saa nne asubuhi. Na mti mzee usiung'oe. Kichaa huishi miaka kadhaa: mvua zikianza, ukate uwe urefu wa goti, utachipua upya.

Tunda lina kidonda

Kitako kimelainika na kuwa cheusi, hasa kwenye pilipili mbuzi: leo umelowesha, kesho umesahau, chokaa ya udongoni haikufika kwenye tunda. Mwagilia kwa ratiba. Doa la mviringo lililobonyea lenye duara ndani ya duara, kwenye tunda lililoiva wakati wa mvua: chule. Chuma mapema, tandaza majani makavu chini ili mvua isirushe udongo, na usichukue mbegu humo.

Tunda likiwa limedonolewa, ni ndege. Hawahisi ukali kabisa. Kile kinachotuchoma sisi, kapsaisini, hakiwagusi, ndiyo maana wanakula na kwenda kupanda mbegu kwenye ua wa mtu mwingine. Mche wangu wa saba ulijiotea wenyewe chini ya mwembe.

Pilipili haiwashi

Imechumwa kijani, au imenyeshewa sana, au imeshiba mbolea. Wiki ya kuchuma punguza maji kidogo, acha iive, utaona tofauti. Wapo wanaosema imepooza kwa sababu imepandwa karibu na hoho. Kwa tunda la mwaka huu si kweli. Kama zimechavushana, mabadiliko yamo kwenye mbegu, na utayakuta kwenye mti utakaoota kutokana nazo.

Ukali hupimwa kwa kipimo alichokianzisha Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, kwa kuzimua pilipili kwenye maji ya sukari mpaka waonjaji wasihisi kitu. Hoho ni 0. Kichaa huwa kati ya 50,000 na 100,000, na jamii ya pilipili mbuzi inaweza kupita hapo. Na ukali wenyewe haukai kwenye mbegu kama tunavyoambizana. Uko kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Ukitaka harufu bila moto, kwangua utando.

Mchuzi umewaka

Migebuka, samaki wa ziwani, akipikwa kwa mawese kwetu anatiwa kichaa nzima, ina kikonyo chake, inaelea juu mchuzi unapoanza kuchemka. Inatoa harufu, haitoi vita. Tatizo ni mwiko: mtu mmoja akikoroga kwa nguvu, ikapasuka, imekwisha.

Usiongeze maji. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, na hapo ndipo mawese yanapokuokoa. Toa chungu motoni, kiache kitulie dakika tano bila kukorogwa. Mafuta mekundu yatapanda juu, na ukali mwingi umepanda nayo. Yaengue kwa upawa taratibu, uyaweke kwenye kibakuli, usiyamwage, kesho yatatosha kuungia maharage. Kisha tia vijiko viwili vya karanga zilizosagwa au tui zito, chemsha kidogo, onja. Ndimu inaufanya uvumilike ila haiondoi kitu.

Aliyekwisha kuungua mdomo naye asipewe maji. Mtindi, maziwa, au tonge kubwa la ugali wa muhogo.

Pilipili ya chupa imebadilika

Ya maji ya chumvi, gramu 50 kwa lita moja, yaani karibu vijiko vitatu vya chakula, ikifanya utando mweupe laini juu, engua, iliyo chini ni salama mradi inanukia uchachu safi. Ikiwa na manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au ya waridi, mwaga yote. Kifuniko kilegeze kila siku wiki ya kwanza. Chupa iliyobanwa ilinipasukia kabatini na ukuta bado una alama.

Ile ya kuzamisha pilipili mbichi na vitunguu saumu kwenye mafuta, ikaachwa mezani miezi, naomba uiache. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na hapo bakteria wa sumu ya botulini anaweza kukua bila harufu wala rangi kukuonya. Iweke kwenye friji, iliwe ndani ya siku nne. Ukitaka ya kukaa, kausha pilipili kwanza. Kati ya Juni na Agosti jua letu linatosha, juu ya wavu ulioinuliwa, mpaka ikikunjwa ivunjike kwa mlio na mbegu zicheze ndani. Iliyoota ukungu haisagwi.

Mikono inawaka

Maji peke yake yanausambaza ukali tu. Paka mafuta ya kula mikono yote mpaka chini ya kucha, sugua dakika moja, kisha sabuni ya kuoshea vyombo, kisha rudia. Ikiingia jichoni, hapo mafuta hapana: maji safi mengi, yakitiririka, dakika 15, bila kusugua, na maumivu yakiendelea nenda hospitali.

Nilijifunza nikikatakata bakuli zima kwa ajili ya hitima ya Ujiji. Nilinawa kwa maji, nikaridhika, na saa mbili baadaye nikamshika mtoto wa dada yangu mashavuni. Tangu siku hiyo pilipili naikata nimevaa mfuko wa nailoni mkononi, na mwenye mtoto mchanga hapewi kazi hiyo jikoni kwangu, hata akijitolea.